Tausi na Mifuko ya Taka

Mkuu wa maabara alipokuwa anaingia kazini, yalitangulia manukato, yakafuata mashavu, ndipo akaja mwenyewe. Jina la Tausi alibandikwa na binamu yake tangu utotoni, na binamu huyo sasa alikuwa mtafiti chini yake, mfugaji wa nzi. Wote wawili walikuwa wasomi. Ila binamu, mwanamke huyo, alisoma kwenye vitabu, Tausi alisoma kwenye karatasi ya aliyekaa jirani. Hivyo ndivyo alivyosema binamu, na alimsimulia yeyote mwenye sikio hata moja.

Kazi yao ilikuwa seli za neva. Ndani ya seli mna vinu vidogo vidogo vinavyofua nguvu. Wataalamu huviita mitokondria. Kinu kikichakaa huanza kutema moshi na kuchafua nyumba nzima. Seli yenye akili zake hukifunga kwenye mfuko, ikakipeleka kwenye tanuri lake na kukiyeyusha. Seli ikizembea, vinu vibovu vinarundikana, neva zinakufa moja moja, na mwenye nazo anaanza kutetemeka. Hapo ndipo watu husikia jina la Pakinsoni.

Tausi alikuwa amepata unga wa njano. Akawalisha nzi waliozalishwa wakiwa na ugonjwa huo, akachungulia kwenye hadubini, akaona mifuko tele. Siku hiyohiyo akaalika wakubwa na watu wa magazeti waje waione dawa ya kufagia ubongo. Hadubini haikuwa hata imepoa.

"Mifuko kila kona, binamu," alimwambia. "Fagio linapiga kazi."

"Ukiona mifuko ya taka imefika dirishani kwa jirani yako, utasema jirani ni msafi, au gari la taka halijapita?"

"Shida yako wivu."

"Wivu wa nini, hiyo tai?"

Binamu hakuishia kwenye maneno. Alichukua nzi waliokula unga, nusu yao akawapa dawa nyingine inayofunga tanuri makusudi. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kama unga unaharakisha ufagiaji, basi tanuri likifungwa mifuko itazidi kurundikana, maana inaletwa na haiyeyushwi. Haikuzidi. Ilibaki ileile, kana kwamba tanuri lilikuwa limeshafungwa zamani. Na lilikuwa limefungwa. Aliyelifunga ni huo unga wenyewe. Akagonga chupa za nzi. Wazima walipanda ukutani mbio. Waliokula unga walikaa chini wametulia, kama wastaafu wanaongoja pensheni.

Akafurahi mpaka akaona haya kidogo. Alikuwa na kisasi na Tausi tangu darasani, alipochukua zawadi kwa mchoro wa mende ambao mikono yake haikuugusa; aliyeuchora ni binamu. Sasa angemjibu ukumbini, mbele ya wakubwa. Blauzi ya siku hiyo aliipiga pasi mara mbili.

Saa moja kabla ya wageni kufika, alipita ofisini kwa Tausi ili tu amwone akijipamba mara ya mwisho. Akamkuta anazunguka mbele ya kioo akijifunza hotuba. Mkono wa kushoto ulikuwa unapunga hewani kama wa mwanasiasa. Wa kulia ulining'inia kama mkono wa shati lililoanikwa.

Binamu aliijua dalili hiyo ya Pakinsoni, akafunga mlango.

"Toa ulimi."

"Una wazimu?"

"Nimekuona ukila udongo utotoni, Tausi. Huna cha kunificha. Toa."

Akautoa. Ulikuwa wa njano, rangi ileile ya matumbo ya nzi waliokula unga.

"Tangu lini?"

"Tangu mkono ulipoanza." Akakaa kitini. "Lakini nimepata nafuu. Siku hizi chai haimwagiki."

"Haimwagiki kwa sababu unajaza nusu kikombe. Na vidonge vya daktari?"

"Vidonge ni vya wagonjwa."

Binamu alimtazama kwa dharau safi, isiyo na doa. Mtu anaumwa, ana vidonge mfukoni, anaona aibu kuvimeza, halafu anabugia kitu alichokitangaza mwenyewe kabla hajakijua. Kiburi cha namna hii hata nzi hana, na nzi huketi juu ya chochote.

Akamweleza kila kitu: tanuri, mifuko, chupa zilizogongwa. "Ulichokuwa unameza si fagio. Ni kufuli."

Mkono wa kulia wa Tausi ukaanza kucheza juu ya goti, akaukalia.

"Umemwambia nani?"

"Bado. Nilikuwa naenda kusemea ukumbini. Na hamu bado ninayo."

"Basi unataka nini kwangu?"

"Hiyo chupa ya unga. Na kesho twende kwa daktari wako, umeze vidonge mbele yangu kama mtoto."

"Na wageni niwaambie nini?"

"Jaribu ukweli. Utakubana kidogo mwanzoni."

Tausi akavuta droo, akampa chupa.

Ukumbini alipanda jukwaani akashika meza kwa mikono yote miwili. "Waheshimiwa," akaanza, "nilikosa usingizi. Nikajiuliza, je, mifuko hii ni usafi, au gari la taka halijapita?" Watu wakacheka. Akaeleza alivyolifunga tanuri yeye, alivyogonga chupa yeye, na jinsi mtafiti wa kweli anavyothubutu kuivunja kazi yake mwenyewe. Unga haufai, akasema, na akausema ubovu wake kwa madaha hadi wageni wakapiga makofi mengi kuliko ambavyo wangeipigia dawa.

Binamu alikuwa ameketi safu ya mbele, chupa iko kwenye mkoba, midomo ameikunja kama aliyelamba ndimu. Mende yule tena.

Kisha hotuba ikakwama. Picha ya skrini ilitakiwa kubadilishwa, na kitufe kilikuwa upande wa mkono wa kulia, usiothubutu kuiachia meza. Tausi alikitazama kitufe. Akamtazama binamu yake. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya manukato.

Binamu alimwacha aive kidogo. Halafu akanyanyuka, akapanda jukwaani, akabonyeza; picha ya nzi ikatokea.

"Endelea, mwizi," alimnong'oneza. "Hao ni nzi wangu."

Tausi akakisogelea kipaza sauti. "Na hawa, waheshimiwa," akasema, "ndio nzi wangu."