Skrubu Isiyo na Doa

Mgeni aliingia wakati Fundi Saa ameshateremsha nusu ya mlango wa duka. Aliinama akapita chini yake, amekumbatia boksi refu kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala, akalitua juu ya kaunta, pembeni ya saa tatu zilizofunguliwa matumbo.

"Tumefunga, dada," Fundi alisema.

"Naona. Ndiyo maana nimeinama."

Fundi hakuwa na nguvu za kubishana. Mwezi wa nne sasa, pacha wake walikuwa wakipokezana kulia kama askari wa zamu. Mmoja akinyamaza, mwenzake anashika lindo. Juzi tu alimwekea mteja mshale wa dakika mahali pa mshale wa saa. Mkewe alipoona mambo yamefika huko, akampa zawadi: kesho, Jumapili, angewapeleka watoto kwa shangazi yao kutwa nzima, baba mtu alale mpaka mbavu zimuume. Naye Fundi akaahidi kwamba wakirudi jioni, zamu ya pacha ni yake mpaka asubuhi, mama asiguse hata chupa. Alikuwa akiihesabia saa Jumapili hiyo.

Mgeni akafungua boksi. Ndani mlikuwa na helikopta ya rimoti, nyeupe, ndefu kama mkono wa mtu mzima, mapanga yake mawili yamefungwa kitambaa.

"Ni ya baba yangu," alisema. "Mtaani wanamwita Kapteni. Wanamtania tu, alikuwa mchonga vyuma kiwandani, ndege hajapanda hata siku moja. Ameiunda miaka miwili, kipande kwa kipande. Sasa mikono inamtetemeka, skrubu hazishiki tena. Na Jumatatu namhamishia kwangu, ghorofa ya nne. Huko hata nguo tunaanika ndani. Isiporuka kesho, Fundi, itakuwa pambo la kabatini."

"Dada, mimi ni fundi saa. Kitu pekee nilichowahi kurusha ni springi ikinichomoka."

"Baba kasema nimtafutie mtu anayeogopa skrubu. Kasema wengine wote wanazikaza tu."

Fundi alilitazama boksi, akautazama mlango, kisha akavuta kigoda chake.

Mlikuwa na karatasi ya maagizo, mwandiko wa Kapteni, mistari ya juu imenyooka na ya chini inayumba. Mstari wa kwanza ulisema: *Aahidi kwanza kwamba hakuna skrubu itakayopaa bila gundi. Akiwa na shaka na moja, haturushi.* Chini yake alieleza sababu. Mtetemo hulegeza skrubu. Ikichomoka ya kichwani, pale mapanga yanapofungwa, panga linaondoka kama kisu kilichotupwa, na halichagui wa kumpata.

"Mwambie nimeahidi," Fundi alisema.

Aliyatoa mapanga kabisa kabla hajagusa betri, ili mota ikizunguka kwa bahati mbaya isimkate mtu. Akayapima kwenye mzani wake mdogo wa vito. Moja lilikuwa jepesi kidogo, akalibandika kipande cha utepe mpaka yakalingana. Kisha akaweka lenzi jichoni, akaanza skrubu: kuifungua, tone la gundi, kuirudisha, na juu yake doa la rangi ya kucha nyekundu ya mkewe, ajue hii imepita. Moja, nyingine, nyingine. Mahali fulani katikati usingizi ulimkwapua, paji la uso likagonga kaunta. Akajipangusa, akaendelea.

Alfajiri walikutana uwanja wa mpira, kabla upepo haujaamka. Kapteni alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, koti lake limefungwa kifungo kwa tundu lisilo lake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeogopa skrubu? Mbona unaonekana kama nguo iliyokamuliwa?"

"Nina pacha, Mzee."

"Aa. Pole. Nilidhani ni helikopta yangu."

Waliwasha rimoti kwanza, betri ya helikopta baadaye, kama karatasi ilivyosema. Binti aliishika helikopta isiyo na mapanga, Fundi akarudi nyuma hatua thelathini, akasogeza vijiti vya rimoti, aone kama inafika. Vyuma vidogo vya kichwani vikaitika bila kuchelewa. Wakazima, kwa mpangilio wa kinyume. Yalibaki mapanga tu. Fundi akaweka lenzi jichoni, atazame mara ya mwisho.

Skrubu nane kichwani. Madoa saba.

Akahesabu tena. Saba. Pale pale paji lake likakumbuka kaunta. Huenda alitia gundi akasinzia kabla ya doa. Huenda alisinzia kabla ya gundi. Hakuna mwingine ambaye angejua. Nyumbani kitanda kilikuwa kimya, shuka zimebadilishwa.

"Mzee," alisema, "kuna moja sina uhakika nayo."

"Ya wapi?"

"Kichwani."

"Fundi, si uikaze tu?" binti alisema. "Tumeamka saa kumi."

Kapteni alitazama nyavu za goli, zilizokuwa zimeanza kutikisika. "Gundi inataka muda gani kukauka?"

"Mpaka jioni."

"Jioni upepo hutulia," alisema taratibu. "Mara nyingi."

Fundi aliifungua. Ilitoka kwa ubishi, meno yake yote yamejaa gundi iliyokauka vizuri kabisa. Alikuwa ameitia. Akaiweka kwenye kiganja cha mzee, na kiganja kikawa kinairusharusha chenyewe.

Kapteni alicheka mpaka akakohoa. "Tumeharibu asubuhi nzima kwa skrubu yenye adabu zake."

"Nisamehe, Mzee."

"Nikusamehe nini? Sasa unajua. Saa ile ulikuwa unabahatisha."

Ikabidi aisafishe, aitie gundi upya, aipake doa. Kwake ni mbali, kwenda na kurudi kungekula nusu ya siku, kwa hiyo alijilaza nyumbani kwa Kapteni, kwenye godoro la sakafuni, kati ya maboksi. Kila alipofumba jicho, wapakizi wa mizigo ya kesho walikokota kabati. Mara ya tatu walimwomba asogee, godoro lake nalo linaondoka.

Jioni nyavu zilitulia. Fundi akayafunga mapanga, akapima hatua kumi na tano kutoka kwenye kiti cha Kapteni, akaitua helikopta hapo, akawapanga watu wote nyuma ya kiti. Rimoti, kisha betri. Mikono ya Kapteni ilitetemeka mpaka vidole gumba vilipokaa juu ya vijiti; hapo ikatulia, kama imeegemea mtu.

Helikopta ikanguruma, ikapapasa nyasi, ikapanda hadi usawa wa goti. Siku ya kwanza ni goti tu, karatasi ilisema. Ikaning'inia hapo kwa muda wa dakika moja, ikihema. Kisha ikashuka.

"Inavuta kushoto kidogo," Kapteni alisema mapanga yaliposimama.

"Kidogo."

"Kesho nitai..."

Binti alikuwa akikunja kitambaa cha mapanga. Alikikunja mara nyingi kuliko kilivyohitaji. "Karibu na kwangu kuna shule, Baba. Ina uwanja. Sijawahi kuuliza kama Jumapili wanafungua." Akakiweka boksini. "Nitauliza."

Fundi alifika kwake mkewe ndiyo kwanza amerudi, pacha mmoja begani, mwingine anajikunjakunja kitandani akijiandaa.

"Umelala vizuri, Baba Pacha?" aliuliza, kisha akamtazama: vumbi mpaka kwenye kope, doa jekundu la rangi ya kucha kwenye shavu. "Hukulala."

"Sikulala."

"Basi leo niachie mimi."

"Hapana." Alinawa mikono hadi viwikoni, akaipangusa, akamtoa mtoto begani kwa mama yake, akaketi ukingoni mwa kitanda. Wa pili akaanza kulia. Fundi akanyoosha mkono mwingine, akampakata naye.