Kibali cha Kucheza Mara Moja

Alhamisi alasiri timu ya mpira wa kikapu ya wasichana wa Chuo cha Harlow ilikuwa ikifanya mazoezi ya kukaba uwanja mzima. Tressie Stidham alikuwa pembeni ya mstari akinywa maji, mara mlango wa upande wa maegesho ukafunguka, baba yake akaingia. Alivaa suti ya kijivu aliyozikwa nayo na kofia yake ya chama cha wachimba makaa, na nyuma yake alikokota mtungi wa oksijeni wenye magurudumu. Alipita nyuma ya goli, akapanda polepole kwenye viti vya watazamaji, akakaa, akaivua kofia na kuipachika gotini.

"Mzee wako yule," alisema Marcy Dunaway, aliyekuwa akihema kando yake.

"Namwona."

"Si mlimzika juzi?"

"Tulimzika."

"Basi mwambie afute viatu. Ametuachia matope hadi huku."

Kocha Pruitt alipuliza filimbi, wakarudi kukaba.

Huko Quillen Fork, kwenye milima ya mashariki ya Kentucky alikozaliwa Tressie, jiwe la kaburi haliwekwi mpaka udongo ushuke na kutulia, maana ukiliwahisha litainama. Katika kipindi hicho cha kusubiri udongo, wafu wengine hurudi nyumbani, hasa wale walioacha jambo nusunusu. Jirani mmoja alirudi kumalizia kusindika nyanya zake kwenye chupa. Bibi yake Tressie mwenyewe alirudi akakaa nao tangu theluji ilipoyeyuka mpaka mahindi yalipochanua, kwa sababu alikuwa hajamaliza ugomvi wake na mchungaji. Watu waliwasogezea kiti, wakaendelea na shughuli zao. Jiwe likishawekwa, harudi mtu.

Jambo la Verlin Stidham lilikuwa dogo. Alitaka kumwona binti yake akicheza mechi.

Yeye ndiye aliyempigilia goli la kwanza kwenye ukuta wa banda la makaa, mama mtu alipokwisha kwenda zake Ohio, wakabaki wawili. Alikuwa akitoka mgodini mweusi mpaka kope, anasimama na mlo wake wa mchana ambao hakuumaliza, anamwambia, "Piga magoti, mwanangu. Mpira unatoka miguuni." Baadaye mapafu yake yakajaa vumbi la makaa yakawa magumu, akafungwa mtungi. Mwaka huohuo akaja Kocha Hollister kutoka chuo kimoja kikubwa cha nyanda za Nebraska, akakaa jikoni kwao, akala sahani mbili za maharage na mkate wa mahindi, akasema, "Bwana Stidham, kule mimi ndiye nitakuwa baba yake." Tressie akaenda. Verlin hakuweza kusafiri umbali ule na mtungi. Kwa misimu miwili alisikiliza mechi kwenye redio iliyokuwa ikikoroma kuliko yeye.

Kisha Hollister akapata kazi kubwa zaidi kusini. Jumatatu alifunga mizigo. Ijumaa alikuwa kwenye televisheni na shati la rangi nyingine, akiwaonyesha wasichana wengine pa kusimama. Masika hayohayo daktari akamwambia Verlin kwamba asipande tena ngazi. Tressie akahamia Harlow, chuo kidogo kilicho karibu na kwao, ili asubuhi na jioni awe nyumbani kupika, kubadilisha mtungi na kumpeleka baba hospitali.

Lakini mchezaji anayehama chuo hukaa benchi msimu mzima. Anafanya mazoezi na wenzake, ila hachezi mechi, isipokuwa Kamati ya michezo ya vyuo imwone ana sababu nzito na kumpa kibali cha kucheza mara moja, bila kungoja. Mzazi mgonjwa ni sababu nzito. Harlow waliomba kibali mapema wakati wa kiangazi. Kamati ikataka maelezo ya daktari, ikapewa. Ikataka picha za mapafu, ikapewa. Ikauliza kwa nini mzee hawezi kuhudumiwa na jirani. Walikuwa bado wanauliza majani yalipoanza kupukutika, na Verlin akafa mezani jikoni, katikati ya kumwambia Tressie apunguze chumvi.

Kamati ikauliza kama ombi bado lina maana.

"Lina maana," alisema Bwana Lyle, afisa wa kanuni wa chuo, alipomkuta Verlin amekaa kwenye viti Ijumaa. Lyle alikuwa mtu mpole aliyevaa viatu vya mpira na suruali zilizopigwa pasi. "Na safari hii tutamleta mhusika mwenyewe."

Wakakutana ofisini kwa Lyle, mbele ya kompyuta. Upande wa pili walionekana wajumbe wa Kamati wakiwa kwenye chumba chenye maua ya plastiki, na mwenyekiti wao, Bi. Whitcomb, alikuwa na sauti ya mwalimu wa chekechea.

"Bwana Stidham, kwanza pole sana kwa msiba."

"Nimeshapoa, mama," alisema Verlin, na mkono wake ulikuwa wa baridi kweli. Lyle alikuwa ameushika muda si mrefu.

"Hali yako kwa sasa?"

"Nimekufa."

"Tunaelewa. Kanuni inamtaja mzazi mgonjwa anayehitaji huduma. Je, unahitaji huduma?"

"Huyu binti ananipikia kila siku. Sili, lakini ananipikia. Ananibadilishia na mtungi."

"Mtungi unakusaidia?"

Verlin alifikiri. Hakuwahi kusema uongo mbele ya watu waliovaa tai, hata pale ambapo ungemfaa. "Hapana, mama. Ni mazoea tu."

Mjumbe mmoja akaandika.

"Na hapo ofisini umefikaje?"

"Kwa pikapu."

"Nani ameendesha?"

"Mimi. Tress alikuwa darasani."

Lyle alifumba macho. Bi. Whitcomb akawageukia wenzake, wakanong'ona, kisha akatoa uamuzi kwa sauti ileile laini. Kwa kuwa Bwana Stidham ni marehemu, hana ugonjwa wa kuhudumiwa. Na kwa kuwa anaweza kuendesha gari milimani peke yake, hata angekuwa hai Kamati isingemhesabu kuwa mgonjwa. Binti angoje msimu uishe kama wengine.

Verlin alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikatoa vumbi jeusi juu ya meza ya Lyle. "Haya maneno daktari wa kampuni aliniambia nikiwa hai," alisema. "Neno kwa neno. Labda wanasoma shule moja."

Wiki hiyohiyo Kamati ilimpa kibali kijana mmoja mrusha mpira wa timu kubwa ya futiboli ya Kimarekani, aliyehama kwa sababu huko alikokuwa moyo wake haukuwa na raha. Alionyeshwa kwenye televisheni akitabasamu na kofia mpya. Lyle akakata rufaa kwa ajili ya Tressie. Akaambiwa asubiri.

Msimu ukaanza. Verlin alihudhuria kila mechi ya nyumbani. Mwanzoni alikaa kule juu, halafu Kocha Pruitt, mwanamke wa maneno machache aliyemzika baba yake mwenyewe kwa ugonjwa uleule, akamwita akae mwisho wa benchi karibu na binti yake. Mwamuzi akaja kuuliza.

"Huyu nani?"

"Baba wa mchezaji," alisema Pruitt. "Amefariki."

"Ana kitambulisho cha benchi?"

Wakamtafutia kimoja, akakivaa shingoni juu ya tai.

Tressie alikaa hapo na suti ya mazoezi, bila jezi. Aliyechezesha timu badala yake alikuwa mtoto wa mwaka wa kwanza aliyepoteza mpira kila alipobanwa, na Harlow walifungwa mara nyingi kuliko walivyofunga.

"Namba tisa wao anakwenda kulia kila mara," Verlin alikuwa akisema.

"Najua."

"Ungemnyang'anya."

"Najua, Baba."

Jioni moja jikoni walimwona Hollister kwenye televisheni, timu yake ikiongoza, yeye akikunja mikono ya shati.

"Huyu hawakumuuliza kama mama yake anaumwa," alisema Verlin, akaomba kituo kibadilishwe.

Tressie alimwendea Kocha Pruitt na wazo. Kwa nini wasigawane timu mbili siku ya mazoezi, wakacheza wenyewe kwa wenyewe, baba akaangalia? Pruitt akakubali hapohapo. Lyle ndiye aliyekuja mbio na viatu vyake vya mpira.

"Mkigawana timu mbili, mkahesabu matokeo, na mtazamaji akiwepo, hiyo ni mechi," alisema. "Wakijua, rufaa imekufa."

"Mtazamaji mwenyewe si amekufa?" alisema Marcy.

"Kanuni haijawatoa wafu. Nimetafuta. Naapa nimetafuta."

"Basi aangalie mazoezi ya kawaida," alisema Pruitt kwa uchovu.

"Mazoezi nimeyaona tangu hajaota meno ya ukubwani," alisema Verlin kutoka kwenye viti. Hakuwa na hasira. "Mimi nataka kumwona anapopigwa kiwiko na mtu anayetaka kushinda. Nijue atafanya nini."

Pruitt akapuliza filimbi, wakaendelea na mazoezi.

Kila Jumapili Tressie alikuwa akipanda kaburini. Kila alipofika alikuta tuta limeshuka kidogo. Theluji ilikuwa ikiyeyuka na mvua ilikuwa ikinywesha udongo, na baba yake mdogo, Arlis, alikwisha kuagiza jiwe. Basi Tressie akaanza kwenda na ndoo. Alichimba udongo kando ya kijito, akapanda nao kilima, akaumwaga juu ya tuta na kulisawazisha kwa koleo, mpaka likawa juu kama siku ya mazishi. Juma lililofuata akafanya tena, na tena. Mabega yake yalivimba, na Pruitt akadhani ananyanyua vyuma kwa siri.

Verlin alimkuta huko mchana mmoja wa mvua. Mzee alikuwa ameinama, ameshika kifua.

"Acha, mwanangu."

"Bado kidogo, Baba. Rufaa itajibiwa wakati wowote."

"Ndoo zako nazisikia hapa." Alijigusa kwenye vifungo vya koti. "Kila moja. Nimebebeshwa udongo kifuani maisha yangu yote, Tress. Usiniongezee wewe."

Tressie akaiweka ndoo chini. Walikaa kwenye ukuta wa mawe, mvua ikiwapiga, kisha wakashuka. Hakupanda tena na ndoo.

Mwisho wa Februari ilinyesha wiki nzima. Mechi ya mwisho ya msimu ilichezwa Alhamisi, nyumbani. Kipindi cha pili Harlow walikuwa nyuma kwa kikapu kimoja, na yule mtoto wa mwaka wa kwanza akateguka kifundo. Akatolewa akilia. Kocha Pruitt akageuka kutazama benchi lake. Macho yake yakamfikia Tressie, yakatulia pale, kisha yakasogea kwa aliyefuata.

Verlin alisimama. "Arlis ameshalipakia jiwe," alisema. "Nasikia gari lake linapanda."

"Baba, zimebaki dakika chache tu."

"Hata zingebaki nyingi." Alimwekea mkono begani, nao haukuwa na uzito wowote. "Nimekuona umekaa msimu mzima. Sijapata kuona mtu anayejua kukaa kama wewe."

Tressie alicheka, akainamia magoti yake. Alipoinua uso baba yake alikuwa anapita mbele ya wauza bisi, anawapisha watu kwa adabu, anatoka. Hakumfuata mlangoni, kwa kuwa mchezaji asiye na kibali haruhusiwi kuondoka benchi mechi ikiendelea. Harlow walifungwa. Jioni hiyohiyo Arlis alisimamisha jiwe, likasimama wima bila tatizo.

Jumatatu Tressie alikuwa ukumbini akitoa vitu vyake kwenye kabati Lyle alipoingia anakimbia, uso unang'aa.

"Rufaa imepita!" alisema. "Wamepitia upya. Wamesema kufiwa na mzazi ni sababu nzito. Hongera, Tressie. Una kibali. Unaweza kucheza mara moja, kuanzia leo."

"Na nani?"

Lyle alitazama uwanjani. Mafundi walikuwa wameyakunja magoli mpaka darini na walikuwa wakitandika mazulia juu ya mbao kwa ajili ya mahafali. Marcy na wengine walikuwa wakishusha viti kutoka kwenye gari.

"Hilo halimo kwenye uamuzi," alisema.

Tressie alifunga kabati, akakunja mikono ya sweta lake, akaenda kusaidia kupanga viti.