Kifungu cha Tisa

...na kifungu cha nane nacho, hisa moja ikikatwa kuwa kumi, haki ya mwenye hati nayo iongezeke mara kumi, asipunjwe hata chembe, kana kwamba dunia imeumbwa kumlinda huyu mwanamke, “Sawa,” alisema mwenyekiti, “Sawa,” wakaitikia wengine, maana kwenye bodi hii mkataba husomwa kwa sauti na kila kifungu huitikiwa, na msomaji ni yeye, mwanasheria wa kampuni, mke wa mkurugenzi, wivu umemkaa kooni kama mwiba wa samaki, na mwenye hati ndiye huyo mbele yake, mchumba wa zamani wa mumewe, aliyetoa akiba yake kampuni ilipokuwa meza mbili na feni bovu, akapewa hati hiyo, haki ya kununua hisa kwa bei ya siku ile hata zikipanda vipi, leo mkataba wake unaandikwa upya, naye anajipepea na ajenda, miwani juu ya nywele, mzuri bado, hasara tupu... na yeye mke alilindwa na nini, alipojifungua pacha nani alimwongezea chochote, mama mkwe alipokuja kwa wiki mbili akakaa miaka sita, nani alimpa taarifa ya maandishi... “Kuna kingine, mama?” aliuliza mwenyekiti, na kingine kilikuwepo, kifungu cha tisa, kampuni ikiungana na nyingine, hiyo mpya irithi ahadi zote za mwenye hati, ila kwenye karatasi za leo hakipo, jana alikifuta mwenyewe, na muungano unakuja, wanaoujua humu ni yeye na mumewe tu, ukifika hati ya bibi huyu itabaki ya kufungia karanga, naye jana aliifurahia hiyo, alifurahi kabisa... “Huyu alinitesa kweli na vifungu vyake,” mumewe alikuwa akiwachekesha wajumbe, “nikamwambia, niamini tu,” na mwanamke akajibu bila kuacha kujipepea, “Nilikupenda. Kukuamini ilikuwa habari nyingine,” wakacheka wote, lakini niamini tu ndiyo aliyoambiwa yeye nyumba ilipoandikwa jina la mume peke yake, yeye anayewagombeza wateja waandike kila kitu, na jana tena jikoni, hicho cha tisa kifute, niamini tu, akafuta, na sasa aliviona vile vifungu upya, kukata, kugawa, kuungana, kuhama bila taarifa, kila kimoja ni jambo ambalo mwanamume huyu angeweza kulifanya, na yule mwanamke aliliona akiwa bado anapendwa... “Mama?” mwenyekiti alishika kalamu, anasubiri, mumewe akimtazama kwa tabasamu lile lile, na yeye hakumwonea tena yule mwanamke wivu kwa jinsi alivyopendwa, alimwonea wivu kwa kumjua huyu mtu mapema vile.