Mzio Hauambukizi

Msusi alikuwa akijikuna mwezi wa tatu sasa. Muwasho ulianzia katikati ya vidole, ukashuka viganjani, ukazunguka kiuno. Zahanati walimwambia ni mzio wa mafuta ya nywele, wakampa krimu. Ikampoza siku mbili, kisha vipele vikarudi kwa fujo kuliko mwanzo. Aliporudi akapewa krimu ileile. Mtaani nao hawakosi la kusema: huyu alisema ukoma, yule akashusha sauti akasema ni "ugonjwa ule". Mwishowe mwenye saluni akamwita pembeni.

"Mdogo wangu, kapumzike mpaka upone. Wateja wanaogopa mikono yako."

Alifika nyumbani amefura kwa hasira. Akamkuta mama mkwe akijisugua mgongo kwenye fremu ya mlango, na wifi yake akijikuna tumbo huku anamenya viazi.

"Nyinyi mmeanza lini?"

"Wiki ya tatu hii," wifi akajibu. "Nilidhani joto."

"Mafuta nayashika mimi. Nyinyi yamewafikiaje?"

Asubuhi wakaingia zahanati wote watatu. Tabibu alishika kalamu kabla hawajaketi.

"Mzio tena?"

"Mzio hauambukizi, daktari. Usiandike. Shika kwanza huu mkono."

"Mama, kuna foleni nje."

"Foleni hiyo naijua, nimeipanga mara mbili. Leo sitoki."

Mama mkwe, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kumuunga mkono kwa lolote, akajikita kitini. "Hatutoki."

Tabibu akashusha pumzi, akawasha taa, akachukua kioo cha kukuzia. Kati ya vidole aliona vijistari vyembamba vilivyopindapinda. Akachokonoa kimoja kwa ncha ya sindano, akatazama.

"Ni upele wenyewe, ule wa wadudu wanaochimba ngozi. Nilipaswa kuangalia mapema."

"Ulipaswa," msusi akasema.

Wakapewa dawa: nyumba nzima wapake siku moja, shingoni mpaka nyayoni, na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto.

Ngozi ilipotulia alirudi kazini. "Kaa kule nyuma kwanza," mwenye saluni akamwambia, huku akijikuna chini ya bangili.

Msusi akaushika mkono ule, akautazama kwenye mwanga.

"Mimi nakaa hapa mbele. Wewe kapimwe leo, na watoto wako. Wakikwambia mzio, usinyanyuke kitini."

Akawageukia wateja. "Haya, nani wa kwanza?"