Mkate Usiovuka Olza

Jumamosi asubuhi Zdenka aliutoa mkate kwenye tanuri la marehemu mama yake, akaugonga chini kwa kidole, akaridhika. Helena, binti wa marehemu dada yake, alikuwa anaolewa ng'ambo ya mto Olza, na kwao bibi harusi hupokewa kwa mkate na chumvi kutoka mkononi mwa mama. Mama hayupo, basi zamu ilikuwa ya mama mdogo.

Shida ilikuwa ileile tangu mpaka upite mtoni na mji wao ukatwe vipande viwili. Upande huu, wa Wacheki, neno cherstvi ni mkate uliotoka motoni sasa hivi. Upande ule, wa Wapolandi, neno hilohilo ni mkate uliokauka. Kwa hiyo mkate ukivuka mstari wa mpaka katikati ya daraja hutii serikali ya huko, ukawa mgumu papo hapo. Watu walishazoea. Chumvi haikuwa na neno.

Zdenka mwenyewe alinyimwa kibali cha kuvuka.

"Mazishi tungekupa," karani alimwambia. "Harusi si dharura, mama."

Ni kweli. Kibali cha kwenda kumzika dada yake ng'ambo alikipata siku hiyohiyo aliyoomba.

Maharusi wakatoka kanisani na mpiga kodiani wao, wakaja mpaka katikati ya daraja. Zdenka alikuwa amesimama upande wake, mkate mikononi.

"Usijisumbue kuupitisha," askari wa mpakani alimwambia. "Utamvunja mtoto meno."

"Najua, baba. Naushikilia hapahapa."

Helena akakusanya gauni, akainama, akapitisha kichwa juu ya mstari, akauma. Mkate ulikuwa laini, bado una joto.

"Usiinuke kabla hujameza!"

"Shingo inaniuma, mama mdogo."

"Vumilia. Ndoa yenyewe ndiyo hiyo!"

Watu wakaangua kicheko. Helena akatafuna huku kichwa amekilaza kifuani pa Zdenka, shela ikimtekenya kidevu. Nywele zake zilinukia kama za dada. Zdenka aliomba moyoni asimeze upesi.

Akameza. Akainuka, akapangusa midomo, akasema asante. Kodiani ikaanza tena na maharusi wakaenda zao karamuni.

Zdenka alirudi nyumbani, akaweka mkate mezani, akakata kipande. Ulikuwa laini vilevile, na mwingi mno kwa mtu mmoja.