Kosa la Kupumua Pamoja

Usiku wa jana niliota nipo darasani kwangu, Tukuyu, nawafundisha Kidato cha Pili asili ya maneno ya Kiingereza, na binti yangu Tumpe amelala juu ya meza ya mwalimu. Hakuna aliyeona ajabu. Tumpe ana pumu, na msimu huu wa baridi akilala mbali nami sipati usingizi, kwa hiyo hata ndotoni nilikuwa nimekuja naye.

Nikaandika ubaoni neno la Kilatini, spirare. "Maana yake ni kupumua," nikasema. "Kutoka hapa Waingereza wamepata ukoo mzima."

"Mwalimu," chaki ikasema huku ikikohoa, "ukishawataja, wanakuja."

Mlango ukafunguliwa bila hodi.

Wa kwanza kuingia ni Inspire. Kazi yake ni kupuliza pumzi ndani ya watu, naye hapotezi muda. Anapita dawati hadi dawati, anawapuliza wanafunzi wangu vifuani kama anajaza mpira, na kila aliyepulizwa anaanza kutunga shairi. Nyuma yake ni Perspire, anayepumua kupitia ngozi. Ameloa chapachapa na anaomba kitambaa. Aspire, anayepumua kuelekea juu, bado yuko kwenye ngazi. Shule yetu haina ghorofa wala ngazi, lakini yeye anapanda tu, anahema. Transpire amepenya chini ya mlango, maana kazi yake ni kuvuja, na tayari anasimulia mambo ya ofisi ya walimu ambayo hata mimi nilikuwa siyajui.

Wa mwisho ni kaka yao mkubwa, Expire. Suti ya kijivu, viatu safi, muhuri mkononi. Tunamwona kila siku kwenye maboksi ya dawa, tunadhani ni tarehe tu.

"Maana yangu ni kutoa pumzi nje," akasema kwa adabu. "Kila pumzi inayotoka ni yangu. Nimekuja kuchukua za huyu mtoto. Zote kwa mara moja, nipunguze safari."

"Jaribu," nikamwambia.

"Usichukulie vibaya, Mwalimu. Ni utaratibu."

Neno hilo lilinichefua. Nilitaka kumjibu, lakini darasa lilikuwa limeshageuka kuwa ukumbi wa kungojea hospitalini. Wanafunzi wangu wamekaa kwenye mabenchi na sare zao, wagonjwa wote. Ukutani kuna tangazo: MARUFUKU KUPUMUA PAMOJA. Kengele ya shule ndiyo askari. Ikilia mara moja wanapumua wa kulia, ikilia tena wanapumua wa kushoto.

"Kwa nini marufuku?" nikamuuliza Perspire, kwa kuwa alionekana mwenye huruma kidogo.

"Ni sababu ya dada yetu Conspire," akasema akijipangusa. "Maana yake ni kupumua pamoja. Watu wakisogeleana mpaka pumzi zao zikawa moja, ujue wana njama. Tukaona bora tumfungie kwenye lile kabati la dawa."

Kabati likagongwa kutoka ndani, mara moja, taratibu.

Hapo kifua cha Tumpe, ambaye sasa amelala kwenye benchi kando yangu, kikaanza kupiga mluzi. Naijua sauti ile kama ninavyolijua birika langu linapoanza kuchemka. Daktari alishanifundisha la kufanya: mpe inhela, mkalishe, kisha upumue naye polepole mpaka atulie. Nikaichomoa inhela mfukoni.

"Mimi si wa ukoo wao," inhela ikaniambia. "Babu yangu ni Mlatini mwingine, halare. Naye alikuwa anapumua, lakini hatuzikani." Ikafanya kazi yake, kisha ikasema, "Kilichobaki ni chako, mama."

Expire akauinua muhuri, akalenga paji la uso la mwanangu. Nikaweka kiganja changu juu yake. Muhuri ukanigonga kiganjani, ukaacha nusu duara la zambarau, hafifu.

"Wino umekauka," akasema, akiutazama kwa masikitiko ya mtu wa ofisi.

Kila aliyewahi kungoja barua yake mbele ya meza ya karani anajua kinachofuata. Mwenye muhuri anausogeza mdomoni, anaupulizia haa, ndipo anagonga kwa uhakika. Nikajua muda wangu ni huo.

Nikakaa kwenye benchi, nikampakata Tumpe, mgongo wake kwenye kifua changu.

"Nikipumua naye?" nikauliza.

"Kosa," ikasema kengele.

"Adhabu?"

"Kabati."

"Basi lipanueni hilo kabati, maana siachi."

Tukaanza. Ndani, polepole. Nje, polepole. Kengele inalia kama imepagawa, sisi wala. Nilikuwa na hofu, sikatai. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu. Ndipo Atupele, mwanafunzi wangu aliyeondolewa kwenye kwaya kwa kushindwa kufuata mpigo, akaanza kupumua nasi, sawasawa kabisa. Akafuata jirani yake. Wakafuata wa kulia na wa kushoto. Ukumbi mzima sasa unapanda na kushuka, na mapazia yanaingia na kutoka madirishani.

Expire anatafuta upenyo wa haa yake. Tukiwa tunavuta ndani, anapuliza, lakini pumzi yake yote inavutwa inaingia vifuani mwetu, na muhuri unabaki mkavu. Tukiwa tunatoa nje, hathubutu, maana atakuwa anapumua pamoja nasi. Akabana pumzi. Macho yakamtoka. Suti ikaanza kumbana mabegani.

"Mama," Tumpe akaninong'oneza, "tutoe ndefu."

Tukatoa ndefu. Expire akashindwa.

"Haaa!"

Kengele ikanyamaza, ikamgeukia.

"Amepumua nao!" akapiga kelele Transpire. "Nimwambie nani kwanza?"

Kabati likafunguka lenyewe. Akatoka Conspire, mdogo wa umbo, amejifunga kitenge, nywele zimejaa vumbi la vidonge. "Karibu, kaka," akasema. "Mle ndani nafasi ni ya mmoja, na mimi nimeshatoka."

Expire akalitazama kabati, akautia muhuri mfukoni, akaanza kurudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

"Nitarudi, Mwalimu. Mimi hurudi kwa kila mtu."

"Najua," nikamjibu. "Ila ukija piga hodi, na utatukuta tumekaa pamoja hivi hivi."

Nikaamka. Kumepambazuka, mvua ya Tukuyu inagonga bati. Tumpe yuko kifuani kwangu, mluzi umekwisha, na pumzi zetu zinakwenda sawa. Nikainua mkono nimfunike vizuri blanketi. Kiganjani kuna nusu duara la zambarau, hafifu.

Tumpe akafungua jicho moja.

"Mama, ameenda?"

"Nani?"

"Yule mzee wa haa."

Nikakunja kiganja. "Ameenda."

"Basi tuendelee kidogo," akasema, akafumba jicho. "Hajafika mbali."