Seng'enge ya Kinyanjui na Kaburi la Mama Caro

Kila Jumamosi mchana butchery ya Lemein hapa Kitengela hujaa, na si kwa ajili ya nyama. Lemein ameweka televisheni kubwa juu ya friji, na saa ya sinema ya makaoboi ikifika watu huacha kuongea, isipokuwa kutukana walio ndani ya sinema. Ni mji wa vumbi usio na sheria. Kuna tajiri anasogeza seng'enge yake akimeza mashamba ya watu, kuna hakimu anakula kwa huyo tajiri, na kuna sherifu, ndiye polisi mkubwa wa hapo, kazi yake kusimama kivulini akitafuna kijiti.

"Watu wa zamani waliteseka," akasema Wamalwa, kijana aliyepanga chumba hapo nyuma, mtu wa ofisi za Nairobi.

"Zamani gani?" nikamuuliza. "Huo mji umetushinda na farasi peke yake."

Walicheka. Mimi sikucheka. Mke wangu Waruguru nilimzika kwa ploti yetu ya Kisaju, kwa kona kabisa, karibu na bikoni, lile jiwe la mpaka. Sisi tuliotoka Murang'a tunajua hiyo maneno. Bikoni hung'olewa, kibao cha kusema ploti haiuzwi hupakwa rangi, lakini kaburi nani ataligusa? Na kweli Kinyanjui, yule wa kujenga maghorofa, hakuligusa. Alipitisha tu seng'enge katikati ya ploti yangu, kaburi likabaki upande wake. Nikitaka kumpalilia mke wangu naomba ruhusa kwa askari wa geti. Na sasa askari ameambiwa asinifungulie tena, kwa sababu Jumatatu asubuhi trakta inakuja kusawazisha upande huo wote, kaburi likiwemo.

Mtu wa kuizuia alikuwa meza ya mbele, kofia gotini, akikwangua mfupa. Chifu Kuntai.

"Huyu sherifu ni bure kabisa," Chifu akasema. "Ningekuwa mimi, nafunga kamba kwa hizo nguzo, navuta na farasi, kwisha."

"Chifu," nikasema, "Kisaju kuna nguzo zinakungoja. Farasi hatuna, lakini punda wa kubeba maji wako."

Watu wakageuka kutoka kwa sinema wakatuangalia sisi.

"Baba Caro, hiyo maneno yako iko na utaratibu. Lazima surveyor aje apime mpaka. Wewe kuja ofisi Jumatatu."

"Jumatatu trakta itakuwa imemaliza."

"Usichanganye sinema na serikali."

"Sichanganyi. Kwa sinema, sherifu anaonekana."

Akanawa mikono, akavaa kofia, akatoka. Bei hakuuliza. Hapa kwetu chifu hula kwanza, halafu hushiba.

Lemein alikuwa akipangusa kisu. Mimi na yeye tumekosana miaka mingi. Mvua ikikosa, ng'ombe wake hulala kwa ploti yangu kama wamelipa kodi.

"Baba Caro, ungemzika mama katikati kama mtu," akasema. "Wewe ulimzika kama bikoni."

Alikuwa amesema kweli, na hiyo ndiyo ilinikera.

"Lakini kila kiangazi unanitukana ati ng'ombe zangu hazijui mpaka," akaendelea. "Si bado hazijui?"

Kesho yake, watu wakitoka kanisani, ng'ombe wa Lemein wakafika Kisaju. Ndani ya seng'enge nyasi ilikuwa nzuri. Fahali mmoja akajikuna kwa nguzo, nguzo ikalala, na wengine wakafuata kama watu wa harusi. Askari wa geti akampigia Kinyanjui, Kinyanjui akampigia Chifu.

Kwa kaburi nilimwita Chifu tangu mvua ya mwaka jana. Kwa nyasi ya tajiri alifika fahali akiwa bado anatafuna, tena na polisi.

"Nani ameleta hizi ng'ombe?"

"Zimejileta," akasema Lemein.

"Shika yeye," Chifu akamwambia polisi.

Polisi hakusikia. Alikuwa ameinama kwa msalaba, anasoma jina.

"Chifu, hapa kuna mama amezikwa. Mbona yuko ndani ya seng'enge ya mtu?"

Watu wa kanisa walikuwa wamesogea, simu zote zimeinuliwa. Chifu aliziangalia hizo simu, akanyoosha kofia.

"Ndiyo maana serikali imefika," akasema kwa sauti ya baraza. "Hizi nguzo zitoke hapa leo. Kaburi lirudishwe kwa mwenyewe, na njia ya kuingia. Trakta isiguse."

"Na ploti yangu?"

"Ploti ni maneno ya surveyor."

Kwa hivyo tulichimbua nguzo na kuzisogeza, hadi mke wangu akatoka upande wa Kinyanjui. Nilipata kipande cha kutosha kitanda na mtu wa kukaa kando yake. Ile nusu nyingine ya ploti, trakta iliichukua Jumatatu.

Lakini hiyo Jumapili Chifu alitaka kupigwa picha akionyesha nguzo kwa kidole. Akatafuta mahali pa juu pa kusimama, akapata saruji.

"Chifu," nikamwambia, "shuka. Huyo ni mke wangu."

Akashuka. Nikachukua jembe nikaanza kupalilia.